Magunia Manane ya Mahindi na Makopa ya Mama

Usiku wa kwanza nilidhani ni panya. Sauti ilitoka darini, juu ya jiko, krr, krr, krr, kama mtu anayekwangua kifuu cha nazi huku anasinzia. Nikagonga boriti kwa mwiko, ikanyamaza. Nikarudi kulala, ikaanza tena. Asubuhi nikakuta unga umedondoka sakafuni, mstari mwembamba mweupe ulionyooka chini ya boriti. Nikaufagia. Niliufagia hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu, na hata siku moja sikujiuliza unga unatokaje juu wakati mimi sijasaga kitu.

Huo ulikuwa Oktoba 2022. Tunaishi wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Ninalima ekari mbili za mahindi nilizopewa na mjomba, kaka yake mama, maana kwetu ardhi mara nyingi huja kwa upande huo. Baba watoto ana mikorosho yake na kipande cha ufuta. Mwaka ule nilivuna magunia kumi na moja. Matatu niliyauza hapohapo kwa shilingi 45,000 kila moja ili watoto wapate sare na madaftari, manane nikayaweka. Nilijiona tajiri. Nilipiga hesabu kwamba hadi mavuno mengine sitanunua hata kisado kimoja.

Nieleze kwanza fedha yangu ilikwenda wapi msimu ule. Iliishia shambani, kwa viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017. Unawajua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyokaa kama kona za meza karibu na mkia. Nilipiga dawa mara tatu, kila mara shilingi 12,000, na mara zote nilipiga saa sita mchana, jua likiwaka, kiwavi akiwa amejichimbia ndani ya moyo wa mhindi na kujifunika kwa kinyesi chake mfano wa maranda. Dawa ilikaukia majani. Siku hizi napita alfajiri au jioni, nakagua mashina tangu mimea ikiwa magotini, na mtoto anabeba kopo la kuwakusanya. Lakini mavuno yalipopatikana nilikuwa sina hata senti ya kuyalinda. Adui wa shambani nilimlisha fedha zote, yule wa nyumbani nikamwachia chakula.

Dawa ya kuhifadhia nilinunua gulioni, ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo na kufungiwa kwenye gazeti. Shilingi 500 kijiko. Unga wa kijivu, hauna jina, hauna tarehe, na ukiunusa unanusa vumbi tu. Nikanunua vijiko vinane, gunia moja kijiko kimoja. Nikafungua mdomo wa kila gunia, nikanyunyiza juu, nikafunga. Basi, nikanawa mikono. Hata leo sijui kilikuwa kitu gani, na muuzaji mwenyewe sidhani kama alijua.

Kosa jingine lilikuwa limeshafanyika kabla ya hapo. Mahindi yalikomaa Mei, ila Mei na Juni kwetu ni vurugu: ufuta unataka kukatwa, mikorosho inataka salfa, na mikono ni ileile. Nikayaacha yasimame shambani hadi mwisho wa Julai. Nilijiambia yanajikausha yenyewe, bure, kuna ubaya gani. Kumbe dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, anaruka, na hindi kavu lililosimama peke yake kwenye pori la mabua ni kama mlango uliowekewa jiwe usijifunge. Mengi niliyaingiza nyumbani yakiwa na wageni tayari.

Novemba nilishusha gunia la kwanza ili nipeleke mashineni. Kwa macho lilikuwa limejaa. Nilipolinyanyua, likaja juu kwa mkono mmoja. Baba watoto alikuwa na mizani waliyoazima kwa ajili ya korosho, tukalipima. Lilipoingia lilikuwa kilo 98. Sasa lilikuwa kilo 61, na humo ndani punje na unga vilikuwa nusu kwa nusu. Jirani yangu aliyekuja kuomba moto akatikisa kichwa, akasema hiyo ni chuma ulete, kuna mtu anakula kwako kwa njia nyingine. Nitasema ukweli, usiku ule nililala nikiwapitia majirani mmoja mmoja, nani ana mtoto aliyenenepa ghafla.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mjomba. Alikuja, akaketi kwenye kinu, akaomba ungo na konzi moja ya mahindi. Akapepeta taratibu hadi unga ukaisha, akabaki na punje zilizotobolewa na vijidudu vinavyotembeatembea. Akaniita nisogee.

"Huyu mwenye pua ndefu kama mkonga ni fukusi. Huyu tumezaliwa tukamkuta. Sasa mtazame huyu."

Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, wa kahawia inayoelekea weusi, mviringo kama kipande cha njiti. Kichwa hakionekani kwa juu, ameinama kama aliyevaa kofia ya koti. Na nyuma amekatika wima, kana kwamba kuna mtu alichukua wembe akamwondolea kipande. Mjomba akamweka kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Dumuzi. Sisi tulimsikia kwa jina la Scania. Alianzia Tabora, miaka ya sabini inakwisha, katoka ng'ambo huko Amerika. Wakamwita Scania kwa sababu hachukui debe, anachukua mzigo mzima."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Makopa ya dada yangu yako wapi?"

Makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa, yalikuwa darini. Mama, kama wamama wote wa umri wake huku kwetu, hawezi kulala usingizi bila makopa ndani ya nyumba. Mahindi kwake ni chakula cha mvua ikipenda, muhogo ndio chakula. Alikuwa na viroba vinne vya makopa, vingine vya mwaka juzi, vimepangwa pembeni ya magunia yangu vikigusana. Mjomba akatoa kopa moja, nene kama kifundo cha mkono, akaligonga kwenye kiganja. Ukamwagika unga. Akaligonga tena, wakadondoka dumuzi watano, sita. Kilichobaki mkononi kilikuwa ganda, ukilitazama juani unaona mwanga upande wa pili.

Mama alikuwa mlangoni. "Sasa makopa yangu ndiyo yamekuwa mchawi?" akasema, akaondoka. Hatukuongea vizuri siku nne.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Dumuzi anapenda muhogo mkavu kama anavyopenda mahindi, pengine zaidi, na kwenye mikoa yetu hii miwili ya kusini kila nyumba ina makopa. Anatoboa hata mbao na mianzi. Dari letu lilikuwa la miti isiyobanduliwa magome, na tulipobandua tulimkuta humo amejipumzisha, anasubiri mavuno. Kwa hiyo hata kama dawa yangu ya gazeti ingekuwa halisi, ningekuwa nachota maji kwa pakacha: nyunyiza huku, wanamiminika kutoka kule.

Kati ya magunia manane niliokoa kama manne na nusu, tena ya kuchambua. Ule unga usidhani ni wa kula, umejaa mavi ya wadudu na ni mchungu, tuliwamwagia kuku. Kufika Februari 2023 nilikuwa nanunua mahindi shilingi 20,000 kwa debe. Nilinunua madebe tisa. Hiyo ni 180,000, zaidi ya nilichopata kwa kuuza yale magunia matatu wakati wa mavuno. Nilikuwa nimewauzia watu kwa bei ya Julai na kununua kwa bei ya Februari.

Mwaka uliofuata nilifanya jambo baya zaidi, nalo hili linaniwia vigumu kuliandika.

Nilishaogopa dari. Mahindi ya 2023, magunia tisa, niliyaweka chumbani wanakolala watoto, kwa sababu ndicho chumba chenye kufuli. Ndugu mmoja akaniambia achana na dawa za unga, tafuta vidonge, vile vya maghala makubwa. Ukitia kidonge kimoja kila gunia hakibaki kitu hai. Vilipatikana kwa urahisi wa kutisha, vinauzwa kimoja kimoja kama pipi. Nikavifunga kwenye vipande vya karatasi, nikazika kimoja katikati ya kila gunia, nikafunga dirisha ili dawa isitoke. Saa mbili usiku watoto wakaenda kulala humo.

Mnamo saa saba kitindamimba wangu, wakati huo ana miaka minne, akaanza kutapika. Nilipoingia nilipigwa na harufu ya vitunguu saumu vilivyochanganyika na samaki aliyeoza. Dada yake alikuwa ameketi kitandani ameshika kichwa, namwita haitiki vizuri. Tuliwabeba wote watatu nje, tukawalaza kwenye mkeka uwanjani, baba watoto akakimbilia pikipiki. Kwenye zahanati muuguzi alisikia harufu ya nguo zao tu, akauliza, "Mmeweka dawa gani ndani?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kile kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi, na gesi ile haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Wanachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na kumwangalia. Wanangu waliangaliwa hadi kesho yake jioni, wakapona. Mimi bado naamka saa saba.

Na huo upumbavu haukuniokolea hata mahindi. Gesi inahitaji mahali palipozibwa kabisa, inawekwa na watu waliofundishwa, wenye vifaa vya kujikinga, na hapakai mtu. Gunia la sandarusi limejaa matundu. Iliyotakiwa kuwaua dumuzi ilitoka ikawafuata watoto wangu. Kama unavyo nyumbani, usivifungue, usivitupe shimoni wala chooni. Mwite afisa ugani akwambie vinakwenda wapi. Wenzangu nasikia bado wanavitumia na kusema mbona sisi tunalala humo na hatujafa. Sawa.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa afisa ugani wa kata, dada mmoja tunayemwita bibi shamba. Nilitegemea kugombezwa. Alinigombeza. Halafu akaja nyumbani mara mbili kabla ya mavuno ya 2024, hakudai hata nauli, na sehemu kubwa ya muda wake aliutumia kunifagilisha.

Tulishusha kila kitu darini. Miti yenye matundu tuliichoma pamoja na magunzi ya zamani na sakafu ya mabua. Miti mipya tukaibandua magome na kuikausha. Magunia ya zamani mazima nilichemsha maji nikayaloweka, nikayaanika siku mbili juani, yale yaliyochakaa yakaenda motoni. Nyufa za ukuta tukaziba kwa udongo. Makopa, na hapa ndipo palipohitaji mjomba aje tena na maneno ya taratibu, yakahamia kwenye kibanda kidogo cha pekee nyuma ya nyumba, na yale ya miaka ya nyuma yakawa chakula cha mbuzi. Mama aliyasindikiza kwa macho kama anayesafirisha mgeni.

Mahindi nilivuna mara tu yalipokomaa na kukauka, mwanzoni mwa Juni. Ufuta ukasubiri. Nikachambua magunzi yaliyotobolewa papo hapo shambani. Kisha nikapukuchua yote, hata moja sikuhifadhi na gunzi lake. Hilo mjomba alikuwa ameliimba tangu zamani, enzi zao waliambiwa hivyohivyo: dumuzi hupenda hindi lililo kwenye gunzi kwa sababu punje zimebanana, hazichezi, anapata pa kukanyaga akichimba. Na dawa ukiipaka kwenye gunzi haifiki ndani.

Kukauka ndiko nilikokuwa najidanganya maisha yangu yote. Nilikuwa napima kwa meno, punje ikilia "ka" basi imekauka. Bibi shamba akachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, akatia mahindi yangu hadi kama theluthi, akaongeza kijiko cha chumvi kavu, akafunga, akatikisa dakika chache, akaiacha kama robo saa. Chumvi ikabaki imegandana kwenye kuta za chupa kama umande. Maana yake mahindi bado yana maji, zaidi ya sehemu 15 katika mia. Na meno yangu yalikuwa yameshayapitisha. Nikarudisha turubai juani siku mbili zaidi, naanua jioni kabla umande haujashuka. Mara ya pili chumvi ikateremka yote, kuta safi. Nikaongeza siku moja nyingine kwa woga tu, na bibi shamba akasema woga huo ni mzuri, maana mfuko anaotaka kunipa unadai yakauke zaidi ya pale chumvi inapoachia.

Mfuko wenyewe ni ile ya kinga njaa. Ndani una nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine, nje sandarusi. Haina dawa yoyote. Unachofanya ni kuwanyima hewa: wadudu waliomo wanatumia ile iliyobaki, ikiisha wanaacha kula, wanakufa. Mwaka ule niliuziwa 5,500 mmoja, nikamudu mitano. Magunia yaliyobaki, matatu, nilitia dawa ya unga, safari hii ya pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili, namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na tarehe ya mwisho ambayo nilimsomesha mwenye duka kwa sauti. Ilikuwa na viambato viwili, pirimifosi-methili na pemethrini. Angalia hivyo viwili. Cha kwanza kinawaweza fukusi, ila kwa dumuzi ni dhaifu, cha pili ndicho kinachomshughulikia dumuzi. Ukinunua yenye kimoja tu unaweza kuua mdudu asiye na kesi.

Pakiti ya gramu 100 ni ya gunia moja la kilo 90 hadi 100. Hainyunyizwi mdomoni mwa gunia. Nilimwaga mahindi kwenye turubai asubuhi pasipo upepo, nikajifunga kitambaa puani na glavu mikononi, tukageuza kwa koleo kama mafundi wanaokoroga zege, huku na huku, hadi kila punje ikawa na vumbi. Watoto walikaa kwa bibi yao.

Mifuko ya kinga njaa nayo ina vituko vyake. Nilipuliza kila nailoni kama puto na kuipitisha karibu na shavu, ndivyo unavyohisi tundu. Ukijaza, shindilia hewa itoke, sokota shingo ya nailoni ya ndani, ikunje, funga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kisha ya pili hivyohivyo, kisha sandarusi. Nikaipanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Nikaapa kutoifungua kabla ya miezi miwili. Wa kwanza niliufungua baada ya wiki tatu, nilishindwa kuvumilia. Kila ukifungua unawaletea hewa. Mwingine nilitia mahindi bila kupepeta vizuri, kipande cha gunzi kikatoboa nailoni, nikagundua Desemba nilipoona unga. Na wa tatu panya aliutoboa kwa chini. Paka nilimpata baadaye, kwa kumwazima, hajarudi kwao hadi leo.

Kwa hiyo kati ya mitano, ni mitatu tu ambayo haikutobolewa. Ule wenye gunzi niliuwahi, tukala Desemba na Januari. Yale matatu ya dawa ya unga yalikwenda vizuri hadi Januari, la mwisho likaanza kuonyesha vishimo, tukalipeleka mashineni mapema. Mahindi ya dawa tunayaosha na kuyaanika kabla ya kusaga, na hatukuyagusa kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Mbegu na mbaazi siku hizi nazitia kwenye vidumu vya lita 20, nazijaza hadi shingoni na kukaza kifuniko. Kidumu hakina kelele, hata panya anakiogopa.

Februari 2025 nilifungua mfuko wa mwisho. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananitazama kwa pembe ya jicho kama anayengoja niaibike. Nililegeza ule mpira, ikatoka harufu ya mahindi ya Juni. Akanyanyuka, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaichezesha kiganjani na kuipuliza. Hapakuruka kitu.

"Shilingi ngapi hii mifuko?" akauliza.

Nikamwambia.

"Niletee miwili ya makopa yangu. Lakini yakiota ukungu humo ndani utanitambua."

Nimemletea. Tangu msimu uliopita makopa yapo kwenye turubai, anayavunja moja moja, anasikiliza mlio, anayarudisha juani. Chupa ya chumvi anasema ni ya watoto.